Safari ya Karatasi Iliyokunjwa Ndani ya Kiwanda cha Kupiga Chapa

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Chama cha msingi kinapoagiza vijitabu vya wanachama, masharti ya chama au taarifa ya mwaka, kazi yote ya kiwandani humfikia katibu katika umbo moja tu: mabunda yaliyofungwa kwa utepe, pamoja na hati ya kupokelea mzigo ambayo yampasa aitie sahihi. Hati inasema vijitabu ni 1,000. Katibu hahesabu, atahesabu saa ngapi, na lori linangoja? Hutia sahihi, mabunda yakaingizwa ghalani, na miezi mitatu baadaye mkulima mmoja hufika na kijitabu ambacho ukurasa wa 8 unafuatwa na ukurasa wa 25. Kilo za kahawa alizopeleka msimu ule hazina mahali pa kuandikwa, ama zimeandikwa pembeni kwa herufi za kubanana, na siku ya malipo ndipo yanapozuka maneno baina ya mkulima na karani.

Mara nyingi lawama humwendea mpiga chapa aliyepanga kurasa. Lakini kosa la namna hiyo kwa kawaida hutokea baadaye, karatasi zikiwa zimekwisha kupigwa chapa na kukunjwa, na kabla hazijafungwa. Hapo ndipo inapofanya kazi mitambo ya kuchukulia karatasi zilizokunjwa. Wageni wanaotembelea kiwanda hupenda kusimama mbele ya mashine ya kupigia chapa, kwa kuwa ndiyo yenye kishindo na rangi. Mikanda na minyororo iliyo nyuma yake huipita bila kuitazama. Mazungumzo haya ni juu ya mikanda na minyororo hiyo.

Hapo zamani kazi yote hiyo ilikuwa ya mikono. Tarehe 29 Novemba 1814 gazeti la The Times la London lilipigwa chapa kwa mara ya kwanza kwa mashine ya mvuke iliyobuniwa na Friedrich Koenig, Mjerumani, nayo ilitoa karatasi 1,100 kwa saa. Lilikuwa jambo la ajabu wakati ule. Hata hivyo, karatasi zilitiwa mashineni kwa mkono, zikapokewa kwa mkono, na kukunjwa kwa mkono. Katika viwanda vya vitabu vya London kukunja ilikuwa kazi ya wanawake, waliokaa mezani kutwa wakipitisha kipande cha mfupa juu ya kila mkunjo. Mashine za kupiga chapa zilipozidi mbio, watu wa kupokea na kukunja ndio waliokuwa wakichelewesha gazeti. Mashine iliweza kumaliza kazi kabla ya mapambazuko, bali karatasi zililala zimetandazwa zikingoja mikono.

Mwaka 1863 William Bullock, wa Marekani, alipata hataza ya mashine iliyotumia karatasi ndefu ya kuviringishwa badala ya karatasi mojamoja, ikapiga chapa pande zote mbili na kuikata. Katika miaka ya 1870 Stephen Tucker, fundi wa kampuni ya Hoe mjini New York, aliunganisha ukunjaji na mashine yenyewe, gazeti likawa linatoka limekwisha kukunjwa. Bullock hakuliona hilo. Mwezi Aprili 1867 alikuwa Philadelphia akirekebisha mojawapo ya mashine zake, mkanda wa kuendeshea ukatoka katika gurudumu lake, naye akajaribu kuurudisha kwa kuusukuma kwa mguu huku mashine ikienda. Mguu ulinaswa na kupondwa. Jeraha liliharibika, na tarehe 12 Aprili alifariki akifanyiwa upasuaji wa kuukata. Habari hiyo yafaa ikumbukwe na kila chama kinachofikiria kununua mashine yake ndogo ya kukunjia: aliyeibuni mashine, aliyeijua kila parafujo yake, aliuawa na mkanda.

Sasa na tuitazame njia yenyewe. Katika mashine kubwa ya magazeti, karatasi ndefu hushuka kutoka juu na kupita kwenye bamba la chuma lenye umbo la pembe tatu, ncha yake ikielekea chini. Ipitapo hapo hujikunja yenyewe kwa urefu, kama kanga inavyokunjwa mara mbili kabla ya kuwekwa kabatini. Kisha huingia baina ya silinda. Silinda moja ina kisu kinachoikata. Nyingine ina ubapa unaoisukuma karatasi katikati mpaka iingie katika meno ya silinda ya tatu, nayo ikaibana na kuipa mkunjo wa pili. Tangu hapo kilichopo si karatasi tena, ni nakala, na lazima iondoke upesi kwa sababu nyingine iko nyuma yake.

Iko nyuma kwa umbali gani? Mashine inayotoa nakala 60,000 kwa saa hutoa 1,000 kwa dakika, yaani zaidi ya 16 katika kila sekunde. Tuseme nakala iliyokunjwa ina urefu wa sentimita 30. Kama zingepangwa juu ya mkanda moja nyuma ya nyingine bila kugusana, mkanda ungehitaji kwenda mita 5 kwa sekunde, mbio ya kijana anayekimbia kwa nguvu. Hakuna mtu awezaye kuzishika nakala zinazokwenda kasi hiyo. Na zingefika kwenye kona zingeruka kama majani ya msimu wa kaskazi.

Dawa iliyopatikana ni ile ajuaye kila mwezekaji wa nyumba wa pwani. Nakala hulazwa kama makuti juu ya paa, kila moja ikiifunika iliyotangulia na kuacha wazi ukingo mdogo tu. Ukingo huo ukiwa sentimita 5, mkanda huhitaji kwenda sentimita 83 tu kwa sekunde. Idadi ya nakala ni ileile, 1,000 kwa dakika, lakini sasa zinatembea kwa mwendo wa mtu anayekwenda sokoni bila haraka. Mtu aweza kusimama kando, akatoa moja, akaitazama wino wake, akaendelea na kazi.

Kuzitoa nakala katika mbio ya mita 5 na kuzilaza katika mwendo wa sentimita 83 si kazi rahisi, kwani karatasi ikisimamishwa ghafula hujikunyata. Kazi hiyo hufanywa na gurudumu lenye mapanga yaliyopinda, mfano wa feni, lakini mapengo baina ya mapanga ni mifuko. Kila nakala huanguka katika mfuko wake, huteleza mpaka chini ya mfuko huku ikipunguza mwendo, na gurudumu likizunguka taratibu huibwaga juu ya mkanda. Feni hiyo ikiwa imepotoka hata kidogo, nakala hukaa upande, na yote yatakayofuata mbele huharibika. Mafundi wazoefu huitazama feni kabla ya kutazama kitu kingine chochote.

Katika kulazwa huko, upande wa mkunjo ndio hutangulia. Sababu yake ni mbili. Kwanza, mkunjo ni mgumu na umefungwa, ilhali upande wa pili una kurasa zilizo wazi ambazo zikitangulizwa hushika upepo na kufunuka. Pili, mkunjo ndio unaohesabiwa. Juu ya mkanda huwekwa kijigurudumu chenye meno, na kila mkunjo unaopita husukuma jino moja. Katika mitambo ya siku hizi huwekwa badala yake mwanga mwembamba unaoona kila kimo cha mkunjo. Ndiyo kusema hesabu inayoandikwa kwenye ankara ya chama huanzia hapo. Mashine yenyewe huhesabu mizunguko ya silinda, lakini hiyo ni hesabu ya zilizopigwa chapa, zikiwamo zilizochafuka mwanzoni na kutupwa. Hesabu ya mkandani ndiyo iliyo karibu na zile zitakazofika kwa mnunuzi. Chama kinachoagiza kazi kina haki ya kuuliza ni hesabu ipi kati ya hizo mbili inayotozwa.

Mkanda wa chini peke yake hautoshi. Nakala zikipanda kuelekea darini, kama inavyokuwa pale ambapo mashine iko orofa ya chini na ufungaji uko orofa ya juu, lazima pawe na mkanda wa pili wa kuzibana kwa juu. Hapa huja tatizo la wino. Wino wa magazeti haukauki kwa moto. Hunywewa na karatasi, na hilo huhitaji muda. Mkanda au gurudumu likibana mahali penye picha nyeusi, wino hutoka na kuacha mstari mrefu ukurasa mzima. Msomaji akiona mistari miwili ya kijivu ikipita juu ya uso wa mwenyekiti wake, ajue kwamba aliyezipanga roda za kubania hakuziweka penye ukingo mweupe wa karatasi. Si wino mbaya, wala si karatasi mbaya.

Ili kuepuka michubuko hiyo, katika viwanda vikubwa hutumika mnyororo wenye vibanio, ambao kampuni ya Ferag, iliyoanzishwa na Walter Reist mwaka 1957 huko Hinwil nchini Uswisi, ilijipatia sifa kwao. Kila nakala hushikwa na kibanio chake, kama nguo iliyoanikwa kwenye kamba, na mnyororo hupita juu ya vichwa vya watu, ukapinda, ukapanda na kushuka utakavyo, kisha kibanio kikafunguliwa mahali palipokusudiwa. Kwa kuwa kila nakala ina nafasi yake, iliyochafuka yaweza kuachiwa peke yake bila kuzisimamisha nyingine. Ni mitambo ya fedha nyingi, na kwa kiwanda kinachopiga chapa elfu chache kwa wiki haina maana yoyote.

Mwisho wa mkanda nakala hurundikwa. Aliyewahi kupanga magazeti ya zamani nyumbani anajua kwamba upande wa mkunjo huwa mnene kuliko upande wa wazi, na rundo likikua huinama. Basi chombo cha kurundikia hukusanya nakala kadhaa, tuseme 25, kikageuza rundo nusu mzunguko, kikaongeza 25 nyingine zikielekea upande wa pili. Hapo bunda husimama sawasawa. Jambo hilo humfaa katibu: akiliona bunda limegeuzwa mara moja katikati, ahesabu tabaka moja tu, na tabaka la pili lilingane nalo kwa kimo.

Yaliyotajwa hadi hapa ni ya magazeti. Vijitabu vya wanachama hupita njia nyingine, iliyo fupi na yenye hatari zaidi kwa chama. Karatasi moja kubwa hupigwa chapa na kukunjwa mara tatu, ikatoa fungu la kurasa 16. Kijitabu cha kurasa 32 huwa na mafungu mawili, moja ndani ya jingine. Fungu la nje lina kurasa za 1 hadi 8 na za 25 hadi 32. Fungu la ndani lina za 9 hadi 24. Mafungu hayo huwekwa katika vituo vilivyopangwa kando ya mnyororo mrefu wenye mgongo wa pembe, mfano wa tandiko la punda. Kwenye kila kituo midomo midogo ya mpira hunyonya hewa na kuvuta fungu moja. Vibanio hulishika pale ambapo upande mmoja umeachwa mrefu kuliko mwenzake kwa milimita chache, hulifunua katikati, na kulitupa juu ya mnyororo likakaa kama mtu aliyepanda punda. La ndani hutupwa kwanza, la nje hulifuata, na jalada huwa la mwisho. Pini za mnyororo huvisukuma vyote pamoja mpaka kwenye mashine ya kupigia pini za waya, na baada yake kwenye visu vya kusawazisha kingo.

Mdomo wa mpira ukichakaa, kituo hukosa kutoa fungu, na mnyororo haujui. Huendelea na safari. Karatasi ikiwa kavu mno hushika umeme na kugandamana, mafungu mawili yakatoka badala ya moja. Kwa sababu hiyo, kabla ya pini za waya, huwapo kipimo cha unene kinachogusa kila kijitabu. Kilicho chembamba kupita kiasi au kinene kupita kiasi hutupwa kando, au mtambo mzima husimama.

Na hapa ndipo penye jambo la kuuliza kiwandani. Kipimo kinachosimamisha mtambo mara kwa mara humkasirisha mwendeshaji aliyeahidiwa malipo kwa idadi. Akikilegeza kidogo, mtambo huenda bila kusimama, siku inaisha vizuri, na vijitabu vyenye upungufu huingia katika mabunda pamoja na vizima. Mwenye kuagiza kazi akiomba kuonyeshwa rundo la vilivyotupwa kando na kipimo, kiwanda chenye utaratibu kitamwonyesha bila kinyongo. Kiwanda kisicho na hata kimoja kilichotupwa katika kazi ya vijitabu elfu kadhaa hakistahili pongezi za haraka.

Wanaushirika wa Uingereza walipenda kuiweka kazi hii mikononi mwao. Mwaka 1869 mjini Manchester waliunda chama chao cha ushirika cha kupiga chapa, na mwaka 1871 gazeti la Co-operative News likaanza kutoka mjini humo. Kwa vyama vya msingi vya huku, hatua hiyo ni kubwa kuliko uwezo wa wengi, ila mashine ndogo ya kukunjia, yenye sahani na roda, yapatikana, na baadhi ya vyama huifikiria. Kabla ya kutoa fedha, halmashauri na itazame kwanza vifuniko vya roda na mikanda kama vipo na kama vinafungika, na kitufe cha kusimamishia kama kinafikika na mkono wa mtu aliyenaswa mkono mwingine. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007; wajibu wa kuziba sehemu zinazozunguka ni wa mwajiri, na chama kinachomiliki mashine ni mwajiri, hata kama mwendeshaji wake ni mtoto wa mwanachama anayefanya kazi siku mbili kwa wiki. Mikono mirefu ya kanzu, ncha za khanga na tai hazifai kukaribia roda hata kidogo. Karatasi ikikwama, mashine huzimwa kwanza, ndipo mkono unapoingia.

Imebaki namna ya kupokea mzigo. Kijitabu cha kurasa 32 huangaliwa mahali pawili. Kifunuliwe katikati, penye pini za waya: lazima zionekane kurasa za 16 na 17. Zikionekana za 8 na 25, fungu la ndani halimo. Kisha utazamwe ukurasa wa kwanza baada ya jalada. Ukiwa ni wa 9, fungu la nje ndilo lililokosekana, na kosa hili ndilo linalopita bila kuonekana, maana katikati pako sawa. Vijitabu 20 vilivyochukuliwa katika mabunda mbalimbali, si vyote kutoka bunda la juu, huangaliwa kwa dakika chache tu wakati dereva anakunywa chai.

Idadi nayo ina dawa ambayo kila chama kinayo tayari ghalani, nayo ni mizani. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ikikatwa kwa kipimo cha A4, ina uzito wa gramu 5. Kijitabu cha nusu ya kipimo hicho, chenye kurasa 32, kina majani 16 ya gramu 2 na nusu kila moja, yaani gramu 40 bila jalada. Vijitabu 1,000 basi ni kilo 40, na jalada liongezwe. Lakini karatasi hunywa unyevu wa hewa na uzito wake hubadilika, hivyo njia ya hakika ni kuhesabu 100 kwa mkono kutoka mzigo uleule, kuvipima, na kuupima mzigo wote kwa kipimo hicho. Mizani ya kupimia mazao haitaonyesha upungufu wa vijitabu vitano. Upungufu wa hamsini, ambao ni kilo 2, itauonyesha. Wala mizani haitagundua kijitabu kilichokosa fungu kama jirani yake amepata mawili, kwa kuwa jumla inabaki ileile. Kwa hiyo kupima hakuondoi haja ya kufunua.

Vilivyo na kasoro vifungwe peke yake, idadi yake iandikwe kwenye hati ya kupokelea mzigo juu ya sahihi ya katibu, dereva naye atie sahihi yake, na nakala moja ya hati ibaki katika jalada la chama pamoja na ankara.